Lipa Kidogo, Kura Mara Mbili

Mimi sikusoma. Nasema mapema ili mtu asije akasema nilificha. Darasa la tatu niliingia kwa mlango nikatoka kwa dirisha, siku mwalimu alipokuwa akitafuta mtu wa kuchapa, na sikurudi. Lakini kinu cha kusaga unga pale Karurumo ni changu, nyumba ya mawe ni yangu, na baadhi ya wale niliowaacha wakiimba hesabu walikuja baadaye na kofia mkononi kuniomba kazi ya kubeba magunia. Wengine niliwapa.

Haya ninayoandika ni ya dada yangu na hoteli yake, na mwaka ule wa uchaguzi, miaka ya tisini ikielekea mwisho, nilipoleta taa zinazoandika. Watu husimulia hadithi hiyo wakicheka upande mmoja tu. Mimi nitaisimulia pande zote.

Dada yangu alikuwa ameolewa Siakago, kule chini kwenye joto na mbuzi. Mume wake alipofariki, alipanda kwetu na sufuria tatu, akakodi chumba kando ya kinu changu, akaanza kupika. Githeri ya mahindi na maharagwe, mukimo wa viazi vya kuponda, chai, na supu ya mbuzi siku ya soko. Alipika vizuri kuliko mama yetu, na hilo simwambii. Kwa miaka mingi viti vilikuwa vinajaa: makarani, madereva, wanafunzi wa chuo cha ufundi, vijana waliomaliza shule na hawajui waende wapi.

Kisha ng'ambo ya barabara kukafunguliwa mahali pa chipsi. Palikuwa na televisheni, redio kubwa, na picha ya mtu mwenye miwani ukutani. Vijana wote wakavuka. Dada yangu akabaki na wazee. Mzee ni mteja mbaya, na mimi ni mzee, najua. Atakunywa kikombe kimoja tangu saa tatu mpaka saa saba, atasoma gazeti la juzi, halafu aombe maji ya moto ya kuongezea.

Shemeji yake wa Siakago akapata habari. Akatuma neno: shule zikifungwa atakuja na pikapu kubeba sufuria, na dada yangu arudi kwa boma lao, awapikie watu wa huko. Hakuuliza. Alisema.

Nilimkuta dada yangu akichagua maharagwe, kichwa chini.

"Utarudi?" nikamuuliza.

"Nikae hapa nimpikie nani? Viti?" Akatupa jiwe dogo nje. "Kule nitaomba ruhusa hata ya kuwasha moto, ndugu yangu. Lakini nikikaa hivi, nitakula hizi sufuria zenyewe."

"Vijana watarudi."

"Utawafunga kamba?"

Nikarudi kwenye kinu. Swali lake liliniuma kama jino.

Mwezi huo nilipeleka mota ya kinu Nairobi kutengenezwa. Nikiwa huko mjini, kwenye dirisha la duka moja la kupiga picha, nikaona maandishi mekundu yakikimbia. Namaanisha yakikimbia! Yanaingia upande wa kulia, yanapita, yanatokea kushoto, na mengine yanayafuata kama mbuzi wanaopita kwenye kijilango. Nilisimama hapo mpaka mtu akanigonga na kikapu. Lakini kilichonishika si taa. Ni kwamba kando yangu walikuwa wamesimama vijana sita, na wote sita walikuwa wanasoma. Vijana! Watu ambao hata ukiwaandikia barua ya kuwapa shamba hawaimalizi!

Nikamtafuta fundi wa stima wa mtaa wa nyuma, akanionyesha bodi kama hiyo, imetumika, ndefu kama benchi.

"Mzee, hii si rangi ya kupaka," akaniambia. "Hii ni digitali."

"Inakula nini?"

"Stima tu."

"Na nikitaka kubadilisha maneno?"

Akanipa kibao kidogo chenye vitufe. "Unabonyeza hapa. Leo inasema hivi, kesho inasema vile. Ubao wa rangi unaweza hivyo?"

Nikailipia, nikaifunga kwa magunia mawili, na njia yote nilikuwa nacheka peke yangu. Digitali! Nililisema neno hilo mpaka ulimi ukalizoea. Karurumo nzima hakukuwa na mtu mwingine aliyekuwa na digitali.

Maneno niliyaandika mwenyewe. Ningeweza kumpa mwalimu, lakini pesa ni zangu, dada ni wangu, na maneno yawe yangu. Nilifikiria siku mbili, kinu kikinguruma, nikaandika kwenye karatasi ya mfuko wa unga. Nilitaka kusema kwamba vijana waje kula hapa, chakula ni moto, na anayelipia sahani moja anaongezwa ya pili. Hilo la sahani ya pili tulikubaliana na dada yangu, maana kijana haji kwa ladha peke yake, anakuja kwa kushiba. Nikaandika kwa herufi kubwa:

VIJANA NJONI KURA HAPA. KURA NI MOTO. LIPA KIDOGO KURA MARA MBILI.

Nikaisoma kwa sauti. Ilikuwa sawa kabisa. Nikamsomea dada yangu, naye husoma Biblia yake bila kusaidiwa, akatazama karatasi akasema, "Hapo umesema."

Vile vitufe sikuvielewa, kwa hivyo nikapeleka bodi Embu mjini, kwenye ofisi moja ya kompyuta. Palikuwa na msichana karani, vidole vyake vilikuwa vinaenda kama mvua kwenye mabati. Akasoma karatasi yangu mara ya kwanza. Akasoma tena.

"Mzee, hii ni kura?"

"Ni kura. Huoni?"

"Naona. Na ni mara mbili?"

"Mara mbili. Anayetaka mara tatu aje tuongee."

Akatazama mlango kama mtu anayeogopa kusikiwa. Akainama kwangu. "Kwani mzee unasimama?"

"Nimesimama tangu niingie. Hakuna mtu amenipa kiti."

Akaruka, akanipa kiti chake mwenyewe. Nikasema moyoni, binti huyu amelelewa. Akaandika maneno yote wima wima, na nilipokuwa naondoka akaniambia kwa sauti ya chini, "Mungu akusaidie, mzee."

"Tutashinda," nikamwambia.

Tuliiwasha siku ya soko, chini ya varanda ya hoteli penye kivuli. Nilishika swichi mwenyewe. Ikamulika mara moja, ikazima, kisha maneno yakaingia, mekundu, moja moja, VIJANA NJONI KURA HAPA. Mama yangu! Wanawake waliokuwa wanauza ndizi waliinuka. Wazee wakatoka na vikombe vyao, wakasoma polepole, wakatingisha kichwa. "Vizuri sana," wakasema. "Kura ni moto. Ni kweli, huyu mama hakupi chakula baridi." Hakuna mzee hata mmoja aliyeona kitu.

Kisha kijana mmoja wa chipsi akavuka barabara na karatasi yake mkononi. Akasoma. Chipsi zikabaki njiani kuelekea mdomoni. Akapiga nduru, akarudi mbio, akawaita wengine. Wakaja watano, wakaja kumi, wengine wakashikana mabega kwa kucheka, msichana mmoja akakaa chini kabisa. Mimi nikasema, tazama furaha ya digitali!

Wakaingia. Walijipanga kwenye mstari mrefu, kitu ambacho sijawahi kuona vijana wakifanya bila askari.

"Mathe, tumekuja kupiga kura!" wa mbele akasema.

"Karibuni mkure," dada yangu akasema, na wakaanguka tena kwa vicheko.

Walikula! Walilipa sahani moja, wakaongezwa ya pili. Kila aliyemaliza alichovya kidole kwenye mchuzi akakiinua juu kuwaonyesha wenzake, na wenzake wakapiga makofi. Dada yangu akaja kwangu. "Mbona wanaosha vidole kwa supu yangu?" Nikamwambia aache maswali, aongeze maji. Ilipofika saa nane sufuria zote zilikuwa tupu, na ng'ambo ya barabara televisheni ilikuwa inajitazama yenyewe. Nilitembea katikati ya viti kama mtu aliyeozesha binti. Nilimwona dada yangu amesimama kwenye mlango wa jikoni na mwiko mkononi, anahema, anacheka, na sikuwa nimeona meno yake tangu mazishi ya mumewe.

Saa tisa akaja naibu wa chifu na askari wawili. Ni mtu wetu, wa kupanda kidogo tu kutoka hapo, na mdomo wake ni kama wangu, ila yeye kwa sababu ya cheo hupenda kuurekebisha, na akiurekebisha anaugeuza kinyume.

"Nani amefungua kituo cha kupigia kula hapa?" akauliza.

"Hapa hatupigani na mtu," nikamwambia. "Ni kura tu. Karibu kiti."

Akatoa kitabu chake. "Unakubali ni kula."

"Nakubali. Nikatae kwa nini?"

"Na hii mara mbili?"

"Ya kwanza mtu hulipa. Ya pili tunampa bure."

Askari mmoja akavua kofia. Naibu wa chifu aliandika mpaka kalamu ikatoboa karatasi. "Mzee, unasema hivi mbele ya watu? Unanunua kula mchana?"

"Ningefanya usiku kwani ni wizi? Hata wewe keti, nikupe mara mbili."

Vijana walikuwa hawawezi kusimama tena kwa kucheka. Ndipo msichana mmoja wa chuo cha ufundi, wa darasa la ushonaji, futi ya kupimia bado shingoni, akanionea huruma. Akatoa chaki yake ya kuchorea vitambaa, akaenda kwenye mlango wa kinu changu, akaandika maneno mawili, moja juu ya lingine. KURA. KULA.

"Mzee, angalia," akasema. "Hii yenye r ni ya sanduku. Ni ya kuchagua wabunge. Hii yenye l ni ya tumbo."

Nikaangalia mlango. Nikaangalia bodi, LIPA KIDOGO KURA MARA MBILI, ikipita bila haya. Nikakumbuka yule binti wa Embu na kiti chake. Kumbe alipouliza kama nasimama aliniuliza kama nagombea kiti cha uchaguzi! Damu yote ilinipanda masikioni. Na bado nitasema hivi: kwa Kiembu, lugha yetu, kula ni kuria. Hiyo r iko pale tangu babu zetu walipopata meno. Mimi sikukosea, ni Kiswahili kilichobadilisha.

Naibu wa chifu alipoelewa, hakucheka, maana yeye pia alikuwa amechanganya mbele ya watu, na mwenye cheo hasamehi hilo. "Izimwe," akasema. "Nikiona tena hiyo kura imeandikwa hivyo, nafunga hoteli mpaka uchaguzi upite."

Uchaguzi ungekuja baada ya shule kufungwa. Hoteli ikifungwa, pikapu ya Siakago ingekuta mlango na kufuli. Nilifungua mdomo nimjibu kama ninavyojua kujibu, na dada yangu akanivuta koti kwa nyuma. Nikazima.

Asubuhi yake nilikuwa Embu. Yule karani akaniona, akasimama haraka anipe kiti.

"Keti, binti," nikamwambia. "Sisimami. Nilitaka kusema kula. Ya tumbo."

Alicheka mpaka akalaza kichwa kwenye meza. Halafu akabadilisha, na kabla hajamaliza nikamwambia anifunze vile vitufe, kwa sababu mtu wa kunicheka mara moja namvumilia, mara mbili nalipa ada ya shule. Alinifunza saa nzima. Kidole kimoja, polepole.

Bodi ikarudi, sasa inasema VIJANA NJOONI KULA HAPA, kila herufi mahali pake. Vijana wakaja, wakatazama, wakangoja kitu kitokee. Hakikutokea. Siku ya pili walikuja wachache. Siku ya tatu wakavuka barabara.

"Sasa inasema ukweli na hakuna mtu anaisikiza," nikamwambia yule msichana wa ushonaji, aliyekuwa ameketi karibu peke yake na sahani yake.

"Mzee, habari ya kula kila mtu anaijua," akasema. "Ile ya kwanza ilikuwa na stori. Watu walikuja mpaka kutoka Runyenjes kuisoma."

"Ile ya kwanza itafunga hoteli."

Dada yangu alikuwa anapangusa meza. Bila kuinua kichwa akasema, "Si muwaambie tu. Kura ni shuleni. Kura ni kwangu."

"Ipi ni ipi?"

"Ya shuleni na ya kwangu, mjinga wewe! Kwani shule ina githeri?"

Yule msichana akaacha kijiko. "Mathe," akasema, "hiyo ndiyo!" Akavuta karatasi, akaandika, akafikiri, akaongeza mstari mmoja, akanisukumia.

KURA NI SHULENI. KULA NI HAPA. MWENYE KINU ALICHANGANYA, NYINYI MSICHANGANYE.

Sentensi mbili za kwanza nilizipenda papo hapo. Ya tatu nikairudisha. Mimi nimejenga jina langu gunia kwa gunia. Niliweka kinu pale wakati watu walisema stima haitafika. Sasa nijiandike mjinga kwa taa, tena nyekundu, tena nilizonunua mwenyewe?

"Bila hiyo ni tangazo la serikali," msichana akasema. "Na hiyo ikiwapo, watakuja kukuona wewe."

Nikamtazama dada yangu. Alikuwa amesimama na kitambaa mkononi, na meza aliyokuwa anaipangusa haikuwa na uchafu, kwa sababu hakuna mtu aliyekuwa amekula hapo.

Nikaleta kibao cha vitufe. Nikabonyeza mwenyewe, kidole kimoja, msichana akiniita herufi. "L ya limau, mzee. Sasa r ya redio." Nilipofika MWENYE KINU nilisimama kidogo, nikanywa chai, nikaendelea mpaka mwisho.

Jamani! Walirudi wote na waliwaleta wasiotuhusu. Wakisoma wanageuka kunitafuta pale mlango wa kinu, nimejaa unga mpaka nyusi, na mimi nawainulia mkono kama mheshimiwa. "Buda, leo umechanganya nini?" wananiuliza. "Nimechanganya mahindi na maharagwe," nawajibu, "ingieni muone." Hata naibu wa chifu alikuja, akasoma mara mbili na midomo ikitembea, akasema hii inafundisha raia, iendelee. Akala. Sahani ya pili alikataa, maana watu walikuwa wanatazama.

Sikuishia hapo. Nilikuwa nimeshaona siri ya hiyo digitali: taa ni mshumaa tu kama maneno hayabadiliki. Nikatangaza kwamba kila siku ya soko, kijana akileta maneno ya kuchekesha kuliko ya wiki iliyopita, nitayaandika mimi mwenyewe, naye atakula sahani ya pili na ya tatu. Waliniletea karatasi mpaka nikatundika mfuko mlangoni. Ya Sheng, lugha yao ya mtaani, niliwauliza kwanza maana yake, kwa sababu mtu akiumwa na nyoka huogopa hata kamba. Wengine waliandika mapenzi yao, nikayatupa. Mmoja aliandika GITHERI HAIHITAJI TELEVISHENI, INAJIONYESHA. Huyo alikula mpaka nikamwonea huruma.

Shule zikafungwa. Pikapu ya Siakago ikaja, kama ilivyoahidi, siku ya soko saa saba. Shemeji akateremka na kofia yake na kamba za kufungia sufuria begani. Akasimama chini ya bodi akasoma yote, mpaka mwisho, akanitazama. Nikamwinulia mkono. Akaingia.

Hapakuwa na kiti. Mabenchi yalikuwa yamejaa, wengine wamekalia madebe yangu ya unga, wengine wanakula wakiegemea ukuta. Alisimama katikati na kamba zake, akigeuka huku na huku. Dada yangu akapita na sahani nne mkononi, jasho usoni, hakupunguza mwendo.

"Shemeji," akamuuliza, "unasimama?"

Hoteli nzima ikalipuka. "Anasimama! Anasimama! Tumpe kura!" Hakuelewa. Mtu akampa sahani, akala hapo hapo amesimama, kamba zikiwa begani. Alipomaliza akangoja kidogo, akaangalia kando, akainyoosha ile sahani mbele.

"Wamesema ni mara mbili," akamwambia dada yangu.

"Ni mara mbili," akasema, na akampakulia mpaka juu.

Pikapu haikurudi tupu. Ilibeba gunia langu moja la unga, na nilimuuzia kwa bei ile ile ya watu wote.